Duka si Lako, Lawama ni Zako: Mwongozo wa Muuzaji Mpya wa Kariakoo

Hongera. Umepata kazi ya kuuza duka la nguo Kariakoo. Majirani watakuambia una bahati: unakaa kivulini, unavaa vizuri, na kutwa nzima unashika pesa. Usiwabishie. Kivuli kipo, jua la mlangoni likishahamia upande wa pili wa mtaa. Pesa nazo utazishika sana, kwa kuwa lazima uzihesabu mara mbili kabla ya kumkabidhi mwenyewe.

Jambo la kwanza kulielewa ni mgawanyo wa mali. Nguo ni za tajiri. Fremu ni ya mwenye jengo. Bei imepangwa na soko, na dola, na meli iliyochelewa bandarini. Wateja huletwa na Mungu. Wewe umeachiwa kitu kimoja ambacho hakuna anayekigombania, nacho ni lawama. Dera likichuja, ni wewe. Likibana, ni wewe. Duka likikaa wiki nzima bila mteja, una mkosi. Mwongozo huu unafundisha namna ya kuzibeba lawama hizo zote bila kuziangusha, maana zikianguka unakatwa.

MAHITAJI

Miguu miwili imara. Kiti kipo dukani, lakini ni cha wateja na cha tajiri. Muuzaji akikaa riziki hukimbia. Hilo limethibitishwa na matajiri wote, wakiwa wamekaa.

Wadhamini wawili, barua ya serikali ya mtaa na kopi ya kitambulisho cha NIDA. Vyote ni vya kuthibitisha kwamba wewe si mwizi. Usiulize upande wa pili unadhaminiwa na nani.

Simu yenye bando. Simu ni yako na bando ni lako, ila kuanzia leo picha za madera zitajaa humo mpaka za mama yako zikose nafasi.

Uso unaoweza kucheka saa mbili asubuhi na saa moja usiku kwa kiwango kilekile.

Umri wa miaka 18 hadi 25 pamoja na uzoefu wa miaka mitano. Ndivyo matangazo yanavyotaka. Kama hukuanza kuuza nguo ukiwa darasa la saba, hilo ni kosa la malezi.

HATUA YA KWANZA: Kubali mshahara ambao hujaambiwa

Usaili utafanyika mlangoni, tajiri akiwa anapokea simu tatu. Atakuuliza unaishi wapi, umeolewa au bado, una mtoto mdogo au huna, na kama ulipotoka uliondoka kwa amani. Wewe ukiuliza swali lako moja, la mshahara, atacheka kwa upole: "Mdogo wangu, anza kwanza. Hapa sisi ni familia." Ukisikia habari za familia, jua karatasi hazitahusika.

Malipo yatakuja kwa mafungu. Kuna hela ya kula, ambayo hutolewa kila siku. Kuna nauli, ambayo hutolewa ikikumbukwa. Halafu kuna mshahara wenyewe, unaotoka mwisho wa mwezi, ingawa mwezi wa dukani huisha tarehe tofauti na ule wa kalenda iliyotundikwa ukutani.

Usithubutu kutaja Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara. Ile ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023, iliweka shilingi 150,000 kwa mwezi kwa sekta ya biashara. Wapo wauzaji wanaolipwa zaidi ya kima cha chini. Wapo wanaolipwa pungufu na kuambiwa kwamba chakula kimo. Ukiitaja amri hiyo siku ya kwanza, utaonekana una tamaa kabla hujakunja hata dera moja.

HATUA YA PILI: Fungua duka kwa heshima zote

Fika saa mbili kamili. Mwendokasi ikijaa ukaachwa kituoni, hayo ni yako na mwendokasi. Fagia, piga deki, fukiza ubani kama tajiri ni mtu wa pwani au amewahi kupanga nyumba moja na mtu wa pwani. Kisha valisha midoli. Mdoli ndiye mfanyakazi wa mfano: hali, hakai, hajawahi kuuliza mshahara, na kila wiki anavalishwa nguo mpya. Tundika madera nje kwenye henga mpaka mlango uonekane kwa tabu. Wapita njia wakigombana nazo, jua umepanga vizuri.

Sasa msubiri mteja wa kwanza. Huyo lazima anunue, hata kwa faida ya jina tu, maana ndiye anayefungua biashara ya siku. Kabla yake usikopeshe, usitoe chenji, usivunje noti ya mtu. Jirani akija na elfu kumi yake mwambie, "Bado sijauza," hata kama droo ina hela ya jana mpaka haifungi.

Tatizo ni kwamba wateja wazoefu wanaijua sheria hii kukuzidi. Saa mbili na robo atatokea mama mmoja asiye na haraka. Atasimama mbele ya dera la elfu ishirini na tano, atalipapasa, atavuta pumzi, na kusema kwa sauti ya huruma: "Mwanangu, nikufungulie duka kwa elfu kumi na mbili?" Muonee huruma ukipenda. Ila ujue ana fremu yake Mbagala, na kabla ya adhuhuri dera hilo litakuwa limetundikwa huko kwa elfu ishirini na tano.

HATUA YA TATU: Zijue bei nne za kitu kimoja

Kila nguo ina bei nne. Ya kwanza ni ya kutamka. Ya pili ni ya kupatana. Ya tatu ni bei ya mwisho, ambayo tajiri amekuambia usiivuke. Ya nne ni bei ya mwisho kabisa, na hiyo anaijua tajiri peke yake.

Tuchukue dera letu. Utataja elfu 25. Mteja atasema kumi. Hapo shtuka, na mshtuko uwe mpya kila mara: "Mama yangu! Kwa kumi hata bandarini halitoki!" Atapanda kumi na mbili. Utashuka ishirini na mbili. Atageuka kuondoka, utamwita. Utageuka kutundika, atakuita. Mtakutana kwenye kumi na saba, ambayo nyote wawili mliijua tangu alipovuka kizingiti. Tajiri alisema usishuke chini ya kumi na sita. Umeuza vizuri.

Jioni tajiri atauliza kwa nini hukukomaa na ishirini. Kesho yake utakomaa na ishirini, mteja ataondoka, na tajiri atauliza unawezaje kumwachia mteja kwa sababu ya elfu tatu. "Usipunguze bei" na "usimwache mteja aondoke" ni amri mbili za mtu mmoja, zilizotolewa asubuhi moja, na zote zinatakiwa kutekelezwa.

Ukizidiwa, mpigie simu. Mteja ataomba aongee naye mwenyewe. Watasalimiana, wataulizana nyumbani, watagundua wote wana ndugu Tanga, na tajiri atamwachia kwa elfu kumi na tano. Mteja atakurudishia simu akikutazama kwa jicho la mtu aliyeponea chupuchupu kuibiwa. Mfungie mzigo wake. Mwambie, "Karibu tena, mama."

HATUA YA NNE: Mheshimu winga

Mtu muhimu kuliko wote dukani hafanyi kazi dukani. Yeye yuko Mtaa wa Kongo au kwenye kona ya Msimbazi, anapokea wateja tangu wanaposhuka kwenye basi: "Dada karibu, unatafuta nini, kila kitu kipo, bei ya jumla hata kwa moja." Atamleta mteja mpaka kwako, atapita nyuma ya kaunta bila kubisha, atatungua dera na kulisifia kwa uchungu wa aliyelishona mwenyewe. Mteja atamwita bosi. Wewe utaletewa kazi: "Dada, hebu leta saizi kubwa."

Wajibu wako hapo ni kunyamaza. Dera ulilouza kumi na saba asubuhi yeye atalitaja thelathini, na watashushana mpaka ishirini na nne. Tajiri anapata kumi na sita yake. Winga anaondoka na cha juu, elfu nane, kwa maongezi ya dakika kumi. Halipii fremu, hana mashine ya risiti, hakuleta mdhamini wala barua ya serikali ya mtaa. Kesho mteja huyo atalikuta dera lilelile duka la pili kwa kumi na saba, na atarudi amefura. Winga hatakuwepo. Utakuwepo wewe, na kuwepo ndiko unakolipiwa.

Hata hivyo usimdharau. Siku mtaa umepooza, winga akikuletea watu wawili ndipo hela ya kula inapopatikana. Tena wapo matajiri wa hapo hapo mtaani ambao walianza kwa kupiga winga, na ndiyo maana hawamlalamikii.

HATUA YA TANO: Mpambanue mteja kabla hajakupambanua

Mzungukaji. Huyu atavua viatu, atajaribu madera tisa, ataomba kioo, atajipiga picha na kumtumia dada yake Morogoro, na dada atapiga simu ya video ili aone kwa nyuma. Baada ya mjadala atatamka maneno ambayo Kariakoo huyasikia kila baada ya dakika tano: "Ngoja nizunguke, narudi." Jibu ni, "Haya mpenzi, tupo." Kunja madera tisa. Mara chache sana mzungukaji hurudi kweli, na siku hiyo dera alilolipenda limeshauzwa. Atakulaumu kwa kutomtunzia.

Mteja wa jumla. Ametoka Lubumbashi, Lusaka, Moroni au Songea. Huyu hana habari na kioo. Ana orodha, ana kikokotoo, na hesabu zake anazipiga kwa dola. "Nipe pisi sitini, rangi changanya." Kwake yeye tajiri hutokea mwenyewe, soda hununuliwa, na kile kiti hufutwa vumbi. Wewe utahesabu pisi, utafunga robota, utashona kiroba, utaandika jina kwa makapeni, na utamwita mtu wa guta. Mteja akishaondoka, tajiri atajipongeza kwa kuuza.

Mteja wa khanga. Hapa ndipo kazi inapohitaji ubingwa wa kweli. Khanga huuzwa kwa doti, vipande viwili pacha, na kila kipande kina maneno yake chini. Mteja mwenye haja hachagui rangi. Anasema, "Nisomee hiyo." Unamsomea. "Hiyo imepoa. Huna yenye makali kidogo?" Usiulize ni ya nani. Kuna wifi mahali, au jirani, au mke mwenza, na shughuli ni Jumamosi. Mshushie za rafu ya juu, uzisome moja baada ya nyingine kwa sauti kavu kama karani wa mahakama, mpaka uone ametabasamu. Funga hiyo. Akija wa kununua zawadi ya mama mkwe, soma mara mbili kabla ya kufunga, kwa sababu kijembe kikiingia kwenye sinia la posa, watakaokuja kukuuliza ni ukoo mzima. Muuzaji aliyeiva anajua nyumba zipi Magomeni hazisemezani, na anaziuzia zote mbili.

Mteja wa mtandaoni. Umevaa dera la duka wewe mwenyewe, kwa kuwa mdoli hajui kugeuka. Umepiga picha. Bei umeiandika juu ya picha kwa herufi kubwa nyekundu: 25,000. Dakika haijapita unaulizwa, "Bei?" Unajibu. Wa pili: "Bei gani mpenzi?" Unajibu. Wa tatu: "Mnapatikana wapi?" na mtaa umeuandika chini ya bei. Wa nne atataka dera lipelekwe Goba kwa bodaboda, alijaribu bila haraka, lirudi kama halijampendeza, na nauli iwe juu ya duka. Mpe siku mbili utamkuta ameandika kwamba wauzaji wa Kariakoo wana majibu ya mkato.

Mteja wa namba. Huyu ni kaka aliyesema ametumwa na mkewe. "Dada, dera zuri, ila wewe umelizidi. Nipe namba." Namba ipo, imebandikwa ukutani, ni Lipa Namba ya duka. Mpe hiyo. Akisema hakumaanisha hiyo, mwambie hiyo ndiyo inayopokea hela. Tajiri atakushauri umchekee tu, kwani mteja ni mfalme. Ni kweli, ila ufalme wake unaishia kwenye kaunta.

HATUA YA SITA: Pokea pesa bila kupoteza kazi

Noti yetu kubwa ni ya elfu kumi. Kwa hiyo mzigo wa milioni mbili ni noti 200, na kila moja utaipapasa na kuiinua kwenye mwanga, huku mteja akikuuliza kama unamshuku. Unamshuku. Sema, "Utaratibu tu, mama."

Malipo ya simu ni rahisi zaidi kwa yule asiyeyapokea. Sheria inasema usiamini meseji iliyo kwenye simu ya mteja, subiri ya duka. Ya duka huingia kwenye simu ya tajiri. Tajiri yuko msibani. Basi wewe na mteja mtasimama mkitazamana, amekwisha kuubeba mfuko na wewe umeushika mpini. Ukimwachia na meseji ikawa ya kughushi, deni ni lako. Ukimzuia na hela ikawa imeingia, umemdhalilisha mtu wa watu. Katika kusubiri huko ndiko simu yako wewe itakapolia, na namba usiyoijua itakuandikia kwamba ile hela uitume kwenye namba hii. Usiitume. Hakuna ile hela.

Kisha kuna risiti. Mashine za risiti za kielektroniki zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na wimbo wa TRA kila mtu anaujua: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Sheria inaweza kumwadhibu asiyetoa na asiyedai pia. Dukani lakini mteja atakuuliza kwa sauti ya chini, "Hiyo bei ni pamoja na risiti?" Jibu la kisheria ni moja. Jibu ulilofundishwa unalijua. Kati ya hayo mawili kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, nawe umesimama katikati yake. Ofisa akiingia kukagua, tajiri atakuwa amesafiri kufuata mzigo, na aliyesimama mbele ya mashine ni wewe, mwenye jina kamili na kitambulisho cha NIDA.

Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023, na tena Juni 2024, wakilalamikia mambo ya kodi, mazungumzo yalikuwa kati yao na serikali. Muuzaji wa hela ya kila siku alibaki nyumbani bila hela ya kula, akiunga mkono mgomo ambao hakuna aliyemuuliza kama anauunga mkono.

HATUA YA SABA: Kula bila kuonekana

Mama lishe ataleta wali maharage saa saba. Weka sahani nyuma ya rundo la vitenge. Ukifunua mfuniko tu, mteja ataingia. Hili ni jambo la uhakika kiasi kwamba siku ya biashara mbaya unaweza kufunua makusudi. Kijiko cha kwanza utakila saa saba na cha mwisho saa kumi. Choo ni cha kulipia, kiko mtaa wa pili, na kwenda kunahitaji mtu wa kukushikia duka. Mtu huyo ni muuzaji wa duka jirani, naye anasubiri wewe urudi ili aende. Mlinde sana huyo jirani. Ndiye atakayekukopesha chenji, kukuonya kwamba tajiri wako ameonekana kwenye kona, na kushuhudia kwamba ulifungua saa mbili.

HATUA YA NANE: Yajue majira ya mwaka

Kariakoo ina majira mawili, ya kufurika na ya kupooza. Mafuriko ya kwanza ni kumi la mwisho la Ramadhani, maduka yanapofungwa usiku wa manane na kila mama anataka watoto wanne wavae sare moja. Ya pili ni Desemba. Januari hufurika kwa wenye maduka ya sare na viatu vya shule. Kwenye madera ni ukame. Mwaka 2025 ulizinduliwa mpango wa biashara ya saa 24 Kariakoo, na kwa hiyo sasa hata usiku, uliokuwa wa kupumzika, una nafasi ya kuingia kwenye hesabu za maendeleo.

Wakati wa kupooza usikae bure. Kunja upya nguo zilizokunjwa. Hamishia za kulia kushoto. Kuna kamera juu, na ukiitazama vizuri utaona haielekei mlangoni wanakopita wezi. Inaelekea kwenye droo.

HATUA YA TISA: Funga hesabu

Saa moja usiku vuta shata nusu na ufungue daftari. Jumlisha taslimu, jumlisha Lipa Namba, jumlisha madeni ya shoga zake tajiri waliochukua vitu kwa maneno ya "nitaongea naye mwenyewe." Toa hela ya kula, toa mifuko, toa mtu wa guta. Linganisha na mzigo uliotoka.

Kanuni ya uhasibu wa Kariakoo ni fupi: ziada ni ya tajiri, shoti ni ya muuzaji. Hesabu ikizidi elfu tano, Mungu amebariki duka. Ikipungua elfu tano, wewe utaeleza ilikokwenda. Labda ni ile chenji uliyotoa watu sita wakiongea kwa pamoja. Labda ni kitenge kilichotoka chini ya baibui la mtu wakati unapanda ngazi kumtafutia mwenzake saizi. Lolote iwalo, litakatwa mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi hukuti mshahara uliokatwa shoti, unakuta shoti iliyobakiza mshahara.

HATUA YA KUMI: Namna ya kufukuzwa kazi haraka

Ikiwa hatua tisa zilizotangulia zimekuchosha na unataka kutoka upesi, ipo njia nyepesi kuliko kuiba. Soma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kisha uitaje dukani kwa sauti.

Anza na saa. Saa mbili asubuhi mpaka saa moja usiku ni saa 11. Kwa siku sita ni saa 66. Sheria inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, kwa hiyo una saa 21 za ziada kila wiki, na za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Ukizijumlisha kwa wiki nne zinafika 84, wakati sheria imeweka ukomo wa saa 50. Mwonyeshe tajiri hesabu hiyo. Ni mtu wa hesabu, ataielewa.

Endelea na chakula. Aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60. Mwambie kwamba unakusudia kula wali wako kuanzia saa saba mpaka saa nane, ukiwa umekaa.

Uliza likizo, siku 28 kwa mwaka. Uliza NSSF, asilimia 20 ya mshahara, ambapo wewe hukatwi zaidi ya nusu yake. Kisha, taratibu, fika kwenye shoti. Sheria hairuhusu ukatwe kwa hasara mpaka iwe imetokana na kosa lako, upewe maelezo ya deni kwa maandishi, upate nafasi ya kulipinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wako. Hapo ndipo familia itakapovunjika.

Utaambiwa umebadilika. Utaambiwa kuna wasichana mia wanaitafuta nafasi hii, na hilo ni kweli, na ndilo linaloifanya sheria nzuri namna hiyo ikae kabatini bila kuchakaa. Ukifukuzwa baada ya kutimiza miezi sita kazini, una siku 30 za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Chama cha wafanyakazi wa sekta yako nacho kipo, kinaitwa TUICO. Utahitaji ushahidi kwamba ulikuwa mwajiriwa. Mkataba huna, lakini una meseji za tajiri za kila asubuhi zikiuliza kama umeshafungua, una picha zako ukiwa na madera yake yote, na una yule jirani wa kukushikia duka. Usifute chochote kwenye simu.

Usikate tamaa pia. Mtaa wa pili kuna fremu mpya imefunguliwa na wanatafuta muuzaji mwenye uzoefu. Uzoefu sasa unao. Wahi asubuhi, na habari ya mkataba iulize siku hiyohiyo ya kwanza, kabla hujakabidhiwa funguo, maana baada ya hapo utakuwa umeshapewa duka la mtu na lawama zake.